Inchi Sita Kiunoni

Mtaani walimwita Nusu Inchi, wala hakuwa mfupi. Jina lilitokana na ubishi wake. Unampelekea kitambaa, anakushonea, unavaa, unajitazama kwenye kioo na kuridhika, unashukuru, na yeye bado anakuzunguka kwa macho makali. Mwishowe anasema, "Vua. Bega la kushoto limezidi nusu inchi." Utaapa kwamba hujali. Atakujibu kwamba nguo ni yako lakini mshono ni wake. Watu walikasirika, wakacheka, wakarudi. Kwa miaka thelathini na moja walirudi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa ya ofisi: dirisha dogo, cherehani mbili, meza ya kukatia, na feni yenye kelele kuliko upepo. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakati kitambaa cha mtu ambaye hajampima yeye mwenyewe kwa futi yake. Usimletee vipimo kwenye karatasi, usimletee nguo ya zamani eti aige. Ya pili, akishamaliza kukata, anapiga alama ya chaki kwenye ukurasa wa mteja huyo katika daftari la vipimo, asije akasahau kazi ipi imekatwa na ipi bado. Mkewe, ambaye alikaa kwenye kiti cha pembeni akishona vifungo na pindo kwa mkono, alikuwa akiwaambia wateja kwamba duka likiwaka moto mumewe ataokoa daftari kwanza, kisha cherehani, halafu yeye, muda ukiruhusu.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alikulia mle ndani, kati ya vipande vya vitambaa. Kabla hajajua kusoma alishajua kusimama wima juu ya stuli, mikono mbali na mwili, baba yake akimjaribishia nguo za watoto wa watu. Baba akisema "Geuka," anageuka. Akisema "Finya," anashika nguo kiunoni kwa mikono miwili, kulia na kushoto, anakusanya kitambaa kilichozidi mpaka viganja viguse mwili, na fundi anaona apunguze kiasi gani. Wateja wote walifundishwa neno hilo. Mtoto yule hakufundishwa, alilikuta nyumbani pamoja na maziwa ya mama.

Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikuwa nchi ya mbali kwa mwaka wa nne, alikokwenda kupanga mizigo kwenye ghala la vyakula vya baridi. Mwezi wa kumi na mbili angerudi nyumbani. Wazazi hawakuwa na hadithi nyingine. Ukienda kuchukua suruali yako, utaambiwa. Ukipita tu nje ukasalimia, utaambiwa vilevile.

Simu ya kawaida walikuwa nayo, lakini hiyo waliiona ni ya kupeana habari. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi walikwenda kuonana. Ndivyo watu walivyosema: kwenda kuonana. Kampuni ya kuonanisha watu ilikuwa na vyumba vyake ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa la bima zamani, na lifti yake ilikufa siku nyingi. Unapanda ngazi, unaandikisha jina, dada wa mashine anakuingiza kwenye chumba chenye kuta nyeusi kisicho na dirisha. Kuna viti viwili, kuna mstari wa rangi ya njano sakafuni. Taa za juu na za chini zinawaka, na ng'ambo ya mstari anasimama mtu wako, mzima, kimo chake kilekile, nyayo zake sakafuni, karibu kiasi cha kumhesabu kope. Kilichokosekana ni harufu na kivuli tu. Siku ya kwanza mama alisahau yote aliyoelezwa, akamrukia binti yake kumkumbatia, akapita katikati ya mwanga na kugonga paji la uso ukutani. Mstari wa njano ulichorwa wiki iliyofuata.

Mwezi wa tisa Nusu Inchi alikwenda na futi mfukoni. Alikuwa ameamua kwamba mwanawe hatashuka kwenye ndege akiwa amevaa nguo ya dukani, nguo ya saizi, iliyoshonewa kila mtu na isiyomkaa yeyote. Atashuka na gauni la baba yake. Lakini sheria ilikuwa sheria: hakati bila kupima. Basi dada wa mashine alipofunga mlango, mzee akavuka mstari.

"Baba, unafanya nini?" binti aliuliza, akicheka.

"Nyoosha mabega. Mama yako ataandika."

"Utapima hewa?"

"Nitapima ninachokiona. Wewe tulia."

"Si utumie vipimo vyangu vya zamani? Vipo kwenye daftari."

"Vipimo vya zamani ni vya mtu wa zamani," alijibu, kwa sauti ya dukani. "Geuka."

Binti aligeuka. Mzee alishika futi palipoishia mwanga, bega kwa bega, kifuani, kiunoni, nyonga, akiita namba na mkewe akiandika, wote watatu wakicheka mpaka mama akapata kwikwi. Jioni ile walifungua daftari wakalinganisha na ukurasa wa miaka minne nyuma. Kifua thelathini na tano. Kiuno ishirini na tisa. Nyonga thelathini na tisa. Hakuna kilichohama hata nusu inchi.

"Mtoto wangu hajabadilika," mama alisema. "Nilikuwa naogopa kazi ya baridi itammaliza, kumbe yuko vilevile."

Na fundi, mtu aliyepima maelfu ya watu, aliitikia. Hapa mtu anataka kumshika mabega amtikise. Katika miaka thelathini na moja, hata mteja mmoja hakuwahi kurudi baada ya mwaka mmoja akiwa na vipimo vilevile vyote. Watu hunenepa, hukonda, huinama, huzaa, huzeeka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia hivyo wateja wenye kiburi. Tena si hilo tu. Kwa miezi mingi alikuwa ameona kwamba blauzi za binti yake huko ng'ambo hazikunjamani popote, hata akiinua mkono, hata akiinama. Aliona wivu. Aliwaza kwamba mafundi wa huko wana mkono mzuri, akarudi dukani na kuanza kuchagua uzi bora zaidi. Furaha ilimziba macho, basi. Anayetaka kumlaumu amlaumu.

Vipimo vipya vilipata ukurasa mpya. Ukurasa wa pili yake, upande wa kulia, ulikuwa wa Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mama mpana mwenye sauti, aliyepimwa wiki hiyohiyo.

Kulikuwa na muuguzi mmoja wa mtaani aliyekuwa akirudi kazini katika mji uleule wa binti. Aliahidi kubeba gauni. Kisha safari yake ikavutwa mbele siku nane, na Nusu Inchi akafanya kazi ya wiki mbili kwa siku mbili. Mkewe alikuwa kliniki ya presha siku ile ya kumalizia, kwa hiyo hata pindo alilipiga mwenyewe kwa cherehani. Hakulitundika gauni. Hakulizunguka. Alilipiga pasi, akalikunja, akalikabidhi mlangoni muuguzi akiwa tayari na teksi. Lilikuwa la buluu iliyoiva, lenye bitana, lililobana kiuno kisha likaachia, na alijua ni kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya.

Wiki tatu baadaye Mwalimu Mkuu alikuja kuulizia nguo yake.

"Bado sijakata, Mwalimu," fundi alisema. Kitambaa chake kilikuwa rafuni, kimekunjwa kama kilivyoletwa. Akafungua daftari amwonyeshe. Kwenye ukurasa wa Mwalimu Mkuu kulikuwa na alama ya chaki. Akautazama ukurasa wa binti yake. Ulikuwa safi.

Feni ilikuwa imegeuza ukurasa, au haraka ilimgeuza yeye. Gauni la mwanawe alilikata kwa kipimo cha Mwalimu Mkuu. Kiuno thelathini na tano badala ya ishirini na tisa. Inchi sita, na zimetoka mkononi mwa mtu anayeitwa Nusu Inchi.

"Mbona umenywea, fundi?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Kitambaa changu kimeliwa na panya?"

"Hapana, Mwalimu. Njoo Jumatano."

Hakumwambia mkewe. Angecheka mpaka mwaka mpya, na kila mteja angepata habari pamoja na risiti. Jumamosi ilipofika akamwambia, "Leo pumzika. Ngazi zile zitakupandisha presha bure." Mkewe alimtazama kidogo, akamwambia ampe mtoto salamu, na amwambie kwamba mama yake anataka kumwona akiwa na gauni jipya, kwa hiyo alivae tena mwezi ujao.

Ngazi alizipanda akipanga maneno. Alikusudia kuanza na mzaha, kisha aombe radhi, kisha amwambie alirudishe kwa mtu yeyote anayekuja, atalipunguza kwa siku moja. Taa ziliwaka. Binti akatokea ng'ambo ya mstari, amevaa gauni la buluu.

Lilimkaa.

Lilimkaa kiunoni, kifuani, mabegani, kila mahali. Hakuna kilichozidi, hakuna kilicholegea.

"Umeona, Baba?" alisema kwa furaha. "Limenikaa kabisa. Utadhani ulikuja ukanipima."

Macho ya Nusu Inchi yalisema limekaa. Mikono yake, iliyolikata, ilisema haiwezekani. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye gauni lile lingemkaa hivyo, naye alikuwa nyumbani kwake anasahihisha madaftari.

"Kiuno hakijazidi?" aliuliza.

"Hata kidogo."

"Geuka."

Aligeuka taratibu. Mzee alitafuta mkunjo mmoja, mmoja tu, akaukosa. Ndipo alipokumbuka zile blauzi. Hakuwa amepanga kusema alichosema. Kilimtoka kama kinavyomtoka mara ishirini kwa siku.

"Finya."

Na binti, aliyelelewa juu ya stuli, hakufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe. Ilishika gauni kulia na kushoto, ikakusanya, ikakusanya tena, na mzee akaona vidole vya mwanawe vikizama ndani ya kiuno chake. Vilipita gauni, vikapita mwili wa mwanga, vikaingia hadi kwenye vifundo, viganja vikafuata, vikasimama ndani sana, karibu na katikati, mahali ambapo mwili wenyewe ulikuwa.

Binti hakujiona. Upande wake alimwona baba tu, mbele yake, mzima, kwenye mwanga.

"Baba? Niachie?"

"Tulia hivyohivyo," alisema. "Usiachie."

Alivuka mstari. Futi ilikuwa mfukoni kama kawaida. Akainyoosha futi ndani ya mwanga, kutoka kiganja hadi kiganja. Inchi nane na nusu. Hakuhitaji zaidi. Alijua kiuno cha upana huo kina mzunguko gani. Ishirini na mbili. Vipimo hivyo alikuwa akiviandika kwa wasichana wa darasa la sita, mwezi wa kwanza, msimu wa sare.

"Gauni nililikosea," alisema, akiwa bado ameinama. "Nililikata kwa kipimo cha Mwalimu Mkuu. Lina inchi sita za ziada. Haliwezi kukukaa, mama. Hata ungekuwa vile ulivyoondoka lisingekukaa."

Mikono ilitoka polepole kwenye mwanga. Uso wa binti ulikuwa uleule wa mashavu, wa msichana aliyeondoka akiwa na begi jipya, lakini midomo ilikuwa ikitetemeka ndani ya uso ule, na kuitazama kulimtia mzee hofu.

"Mashine ya huku inachukua macho, mdomo na mikono tu," binti alisema mwishowe. "Mengine wanayo tangu siku niliyojisajili. Nguo wanaichukua rangi na mtindo, wanaivika lile umbo la zamani. Kila mwaka wananiuliza kama wachukue umbo jipya. Nakataa."

"Tangu lini?"

"Mwaka na miezi miwili. Ni tumbo, Baba. Wamenipasua mara mbili. Kazi niliacha tangu mara ya kwanza."

"Na hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Mnakuja hapo mnacheka. Mama anasema sijabadilika. Na mimi kwa saa moja nilikuwa sijabadilika kweli. Nilikuwa naingoja hiyo saa mwezi mzima."

Nusu Inchi aliketi, si kwenye kiti, sakafuni, upande wa binti wa mstari. Alitaka kukasirika na hasira ikamkataa. Aliumia, hivyo tu, kifua kizima, na zaidi kwa sababu alikumbuka siku ile ya kupima, jinsi alivyoshika futi palipoishia mwanga na kujisifu.

"Tiketi ya mwezi wa kumi na mbili je?"

"Ninayo. Daktari anasema tuone. Anasema 'tuone' kila wiki." Akavuta pumzi. "Nataka kuja, Baba. Hata akikataa nataka kuja. Nishonee jingine. La saizi hii. Sitaki kusafiri nimevaa nguo ya mtu mwingine."

"Nitakushonea."

"Mama usimwambie. Ana presha."

Mzee alitaka kuahidi. Dada wa mashine akabisha hodi, kwamba muda umekwisha, kuna familia nyingine inangoja. Taa zilipozimwa alijikuta amekaa sakafuni mbele ya ukuta mweusi, futi imelala magotini.

Nyumbani mkewe aliuliza, "Limemkaa?"

"Nimeliona," alijibu. Akaenda kunawa.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne alitafuta maneno. Yeye, aliyewahi kumwambia bwana harusi mbele ya wakwe zake kwamba bega moja limeshuka, hakupata pa kuanzia. Kila alipofungua mdomo mkewe alikuwa akisema jambo la mwezi wa kumi na mbili: godoro la kupiga jua, rangi ya chumba cha mtoto. Akaenda dukani kabla yake, akafungua ukurasa mpya, akaandika ishirini na mbili. Namba nyingine alizikadiria, maana hakuna aliyempa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukata bila kupima, na hakuwa na pa kukimbilia.

Alikata kitambaa kilekile cha buluu. Lakini mshono hakuuacha inchi moja kama ilivyo desturi yake. Kila upande aliacha inchi tatu na zaidi za kitambaa, akazikunja ndani na kuzituliza kwa pasi, ili mtu atakayenenepa aachiwe, aachiwe tena, mpaka arudi alipokuwa. Alifanya kazi hiyo kwa makini mno. Alipomaliza alipiga alama ya chaki, akahakikisha ukurasa mara tatu.

Kisha akalitundika gauni kwenye msumari wa pembeni, panapotundikwa nguo za kuwekewa pindo, akarudi kwenye cherehani yake akiwa amempa mkewe kisogo.

Mkewe aliingia na mfuko wake wa sindano. Alikaa, akavaa miwani, akatunga uzi, akalitoa gauni msumarini na kulitandaza mapajani. Fundi alikanyaga cherehani bila kitambaa. Aliusikia mkono wa mkewe ukipita juu ya nguo, ukigeuza ndani nje.

"Kazi nzuri," mkewe alisema. Kisha akacheka. "Lakini mshono gani huu, Nusu Inchi? Umeacha kitambaa cha kutosha nguo ya pili. Huyu mtoto wanamtarajia anenepe kiasi gani?"

Cherehani iliendelea kuzunguka.

"Kiuno chenyewe hiki hapa, kinaingia kwenye mikono yangu miwili," mkewe alisema, akiwa bado na kicheko sautini. "Mtoto wa nani huyu?"

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likazunguka kidogo, likasimama.

"Wetu," alisema.